Jiko Lisilomjua Mpishi

Nyumba nyingi za zamani za Ujiji humkumbusha mgeni wa visiwani nyumba za kwao. Mbele pana baraza ya kupumzikia na kuzungumzia. Ukivuka mlango mkubwa unaingia katika ukumbi mrefu, vyumba vimepangana kushoto na kulia, na mwisho wa ukumbi unatokea uani, penye bomba la maji, choo, ghala na banda la jiko. Umbo hili halikuota Ujiji kama uyoga. Lilisafiri na misafara iliyotoka Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, pamoja na lugha, dini, kanzu na bao la kete. Ndiyo maana mtu wa Unguja au Lamu anayefika huko hajioni kuwa yu ugenini kabisa, isipokuwa maji yanayong'aa mbele yake si ya bahari, na harufu inayotoka majikoni ni ya mawese badala ya tui la nazi.

Katika mojawapo ya nyumba hizo anaishi mama mmoja ambaye umri wake umekwisha kupita miaka sabini. Mtaa mzima unamwita Bibi, na hapa pia na aitwe hivyo.

Kwa zaidi ya miaka arubaini Bibi alipika katika banda lililokuwa pembezoni mwa ua. Banda lenyewe halikuwa na uzuri wa kusimuliwa. Kuta zake zilikuwa nyeusi kwa masizi, bati lilikuwa limetoboka pahala pawili, na moshi ulimtoa machozi asubuhi na jioni. Huo hakuna wa kuusifu. Lakini alipoketi juu ya kigoda chake, kila alichokihitaji kilikuwa kwenye ncha ya mkono. Mafiga yalikuwa mbele, kuni kushoto, mtungi wa maji kulia. Chumvi ilikaa katika kopo lililoning'inizwa ukutani. Dagaa wakavu walikaa katika kikapu kilichofungwa juu, pale moshi ulipopita, ili wadudu na unyevu usiwapate. Kinu kilisimama mlangoni, kwa sababu mtwangaji anahitaji upepo na nafasi ya kuinua mikono. Ukimuuliza Bibi ni nani aliyeupanga mpango huo, angecheka. Haukupangwa na mtu kwa siku moja. Ulipangwa na mkono wake, kidogo kidogo, kwa miaka.

Katika banda lile alipika chakula cha watu watano, na ilipotokea harusi, maulidi au hitima, alipika chakula cha watu mia. Wanawake wa jirani walikuja kumsaidia, mmoja akichambua mchele, mwingine akimenya ndizi, na mazungumzo yakienda mbele pamoja na kazi. Watu wa mtaa walizijua habari zao wenyewe kutoka katika banda hilo kabla hazijafika barazani.

Bibi ana mwana anayefanya kazi Dar es Salaam. Ni mwana mwema. Hilo lisemwe mapema, kwa kuwa kisa hiki si cha mwana mbaya. Mwaka 2023 alimwita mama yake Dar es Salaam ili afanyiwe operesheni ya mtoto wa jicho. Bibi alikaa huko miezi miwili. Katika miezi hiyo miwili, mwana alituma fedha Ujiji na kuagiza banda livunjwe, na mahali pake pajengwe jiko la kisasa lililoungana na nyumba, lenye sinki, meza ndefu ya marumaru, jiko la gesi na makabati juu na chini. Picha aliitoa katika simu yake. Aliwakataza wote wasimwambie mama. Alitaka arudi akiwa na macho mapya, aone kitu kipya.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Jiko lilipimwa, likajengwa na kupakwa rangi, na mtu wa pekee ambaye angepika ndani yake alikuwa kitandani, jicho moja limefungwa bandeji, umbali wa siku mbili kwa treni.

Aliporudi, Bibi alishikwa mkono akapelekwa uani, mlango ukafunguliwa. Alisimama kizingitini kwa muda. Kisha akasema alhamdulillahi, akalishika kabati la kwanza, akalifungua na kulifunga, na akaomba apewe simu ili amshukuru mwanawe. Shukrani yake ilikuwa ya kweli. Jiko lilikuwa jeupe, liking'ara, na jirani walipanga foleni kulitazama.

Siku ya pili alianza kulipikia, na siku ya pili hiyohiyo jiko likaanza kumkataa.

Meza ya marumaru ilikuwa na kimo cha sentimita 90, kama zilivyo meza za majiko mengi ya picha. Bibi ni mfupi. Alipotaka kukata kitunguu, viwiko vyake vilipanda juu kama mtu anayeogelea, na kabla ya kitunguu kwisha mabega yalikwisha kuuma. Makabati ya juu yalianza pale ambapo mkono wake uliishia. Ili apate sahani ilimpasa apande kigoda, kigoda kilekile ambacho kwa miaka arubaini alikikalia. Makabati ya chini yalikuwa marefu kwenda ndani na yenye giza, na sufuria iliyoingia nyuma haikutoka mpaka apige magoti na kutoa zote za mbele. Katika pembe ya chumba, makabati mawili yalikutana na kuacha shimo ambalo hakuna mkono uliolifikia.

Hayo yangeweza kuvumilika. Lililokuwa baya zaidi ni mpangilio wenyewe. Sinki liliwekwa ukuta wa mashariki, kwa sababu bomba la maji lilikuwa upande huo. Jiko la gesi liliwekwa ukuta wa magharibi, kwa sababu katika picha lilikuwa chini ya dirisha. Kati yao palikuwa na milango miwili iliyotazamana, mmoja wa kutoka ukumbini na mwingine wa kwendea uani, kilipo choo. Hivyo njia kuu ya nyumba nzima ilipita katikati ya jiko. Kila aliyekwenda chooni alipita baina ya mpishi na moto wake. Tena kando ya jiko la gesi hapakuwa na hata shubiri moja ya meza. Palikuwa na friji upande huu na ukuta upande ule. Chungu kikiiva, pa kukiweka ni ng'ambo ya pili, baada ya kuivuka njia.

Mtungi wa gesi ulifungiwa ndani ya kabati lisilo na tundu hata moja. Jambo hili ni la hatari, si la usumbufu tu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini bali hushuka na kujikusanya chini, ikingoja cheche. Aliyeuficha mtungi alifanya hivyo kwa sababu katika picha haukuonekana.

Na kinu hakikuwa na mahali. Palikuwa na kabati la vioo kwa ajili ya bilauri kumi na mbili ambazo hakuna mgeni aliyezinywea, lakini kinu, ungo, kigoda na kikapu cha dagaa vilikuwa kama jamaa wa shamba waliofika bila kualikwa. Vikawekwa nje, chini ya mwembe.

Washairi wanalifahamu jambo hili kwa njia yao. Upo utungo ambao ukiuhesabu kwenye karatasi mizani zake zimetimia, nane kwa nane, na vina vyake havina kasoro. Lakini mpe muimbaji auimbe, pumzi itamkatikia katikati ya neno. Aliyeutunga alihesabu kwa macho. Hakuna aliyeweza kusema jiko la Bibi lilikuwa na upungufu wa kitu, kwani kila kilichotajwa katika picha kilikuwemo.

Bibi hakulalamika. Katika simu alilisifu jiko kila Ijumaa. Baada ya wiki tatu alilifunga kwa ufunguo, akayakusanya mafiga yake yaliyokuwa yametupwa nyuma ya choo, akayapanga chini ya mwembe na kuendelea kupika. Jiko likawa la kutazamwa na wageni. Hali ilikuwa hivyo mpaka mvua zilipoanza, mwezi wa Novemba. Mvua za Kigoma hazina haraka ya kuondoka. Zikija huenda mpaka Aprili, na banda la kujikingia lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Bibi hakuwa na budi ila kurudi ndani.

Ramadhani ya mwaka 2024 iliingia mwezi wa Machi, katikati ya mvua hizo. Jioni moja, karibu na magharibi, Bibi alikuwa akipika uji wa futari. Uliiva. Akauinua kwa vitambaa viwili na kugeuka ili aupeleke kwenye meza ya ng'ambo. Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa akitoka ukumbini mbio, anakimbilia chooni, kama watoto wote wakimbiavyo. Hapakuwa na mwenye kosa. Njia ya mtoto na njia ya chungu ilikuwa moja.

Uji ulimwagikia mguu wa mtoto. Alipelekwa hospitali usiku uleule, akatibiwa, na kidonda kilipona kabla ya miezi miwili kwisha. Lakini alama imebaki kwenye unyayo mpaka juu ya kifundo. Bibi hakusema neno usiku ule. Asubuhi yake alimkabidhi ufunguo wa jiko mjukuu wake wa kike anayesoma sekondari, akaenda kuketi barazani.

Watu walidhani ni huzuni ya siku mbili. Ikawa wiki, ikawa mwezi. Bibi akawa anapelekewa chakula kwenye sinia kama mgeni. Alikula kidogo, akashukuru, akauliza kama mtoto amekula. Wanawake waliokuwa wakija kumsaidia waliacha kuja, kwani hapakuwa na la kusaidia. Ilipotokea hitima mtaani, sufuria zake ziliazimwa, yeye hakuitwa. Mtu mzima huzeeka kwa miaka, hilo ni la Mungu. Lakini upo uzee mwingine unaomjia siku moja tu, siku anapoamini kuwa mkono wake umekuwa hatari kwa anaowapenda. Bibi hakuwahi kufikiri kwamba jiko ndilo lililokosea. Alifikiri amekosea yeye.

Mwana alikwenda Ujiji kwa Idi ya kuchinja, mwezi wa Juni mwaka huohuo. Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu ya mchanga kule Kibirizi na Katonga, na nyumba zenye akiba ya dagaa wakavu zilijiona tajiri.

Mwana alikuwa na hamu ya dagaa wa mama yake. Mjukuu wa kike alikwenda kabatini kuwatoa. Alirudi na mfuko mkononi, uso umemshuka. Dagaa walikuwa wameota ukungu. Tangu kikapu kinyang'anywe pahala pake pa moshi na upepo, walikuwa wametiwa katika kabati la chini, jirani na sinki, ambamo bomba lilivuja taratibu. Mbao za kabati zenyewe zilikuwa zimevimba na kuchanika kama mkate uliotiwa chai, kwani hazikuwa mbao za mti uliopasuliwa bali zile za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambazo adui yao wa kwanza ni maji.

Hapo ndipo mwana alipoingia jikoni kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Alishangaa jinsi lilivyokuwa safi. Juu ya jiko la gesi hapakuwa na hata tone la mawese. Akatoka kwenda barazani.

"Mama," alisema, "jiko halikukupendeza?"

"Linapendeza, baba. Ndiyo maana nilikuwa silitumii."

Alikaa chini karibu na miguu yake. Bibi akanyamaza kwa kitambo, kisha akamuuliza swali ambalo mwana hakulisahau tena: "Walipolipima, walipima mkono wa nani?"

Inafaa hapa msomaji ajue kwamba umbo hili la jiko, lenye makabati yaliyoshikamana na meza ndefu isiyokatika, lina asili yake, na asili hiyo haikuwa picha. Mwaka 1926 msanifu wa majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za bei nafuu zilizokuwa zikijengwa na mji wa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa dogo sana, upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na yapata majiko 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Kabla ya kuchora, msanifu huyo alisoma maandishi ya Mmarekani Christine Frederick, aliyekuwa ameandika tangu miaka ya 1910 juu ya kuhesabu hatua za mpishi na kuzipunguza. Aliangalia pia jiko la behewa la chakula katika treni, ambamo watu wachache hulisha abiria wengi pasipo nafasi ya kugeukia. Wakazi wa Kigoma, ambao reli iliwafikia mwaka 1914, wangeielewa hoja hiyo bila kuelezwa.

Akapanga kila kitu kwa hatua na kwa mkono. Unga uliwekewa droo za mti wa mwaloni ili wadudu wasiupende. Kiti cha kuzunguka kiliwekwa ili mpishi akate mboga akiwa ameketi. Baadaye, huko Marekani, chuo kikuu cha Illinois kilitoa miaka ya 1940 kanuni inayofuatwa hadi leo: vuta mstari kutoka maji hadi moto, kutoka moto hadi ghala ya chakula, na kutoka ghala kurudi kwenye maji, jumla ya pande hizo tatu isipungue mita 4 na isizidi mita 8 hivi, na njia ya wapitao isiikate pembetatu hiyo. Mafiga matatu yana hekima yake popote yanapowekwa.

Hata hivyo jiko la Frankfurt lilikuwa na lawama zake. Lilimtosha mtu mmoja tu, likamfungia peke yake, mbali na wenzake. Na mbunifu wake, aliyeishi mpaka mwaka 2000, alikiri uzeeni kwamba wakati alipolibuni alikuwa hajawahi kupika. Waliokuja nyuma walichukua sura ya kazi yake, makabati na meza ndefu, wakaacha hesabu ya hatua iliyoizaa sura hiyo. Kilichofika Ujiji kupitia simu ya mwana kilikuwa sura ya sura.

Mwana alitaka kuondoka na kutuma fedha tena. Jirani akamshauri amuone kwanza seremala mmoja mzee, ambaye ujana wake aliumaliza akiunda maboti ya mbao ufukweni, na ambaye karakana yake ilihama juu mlimani maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 2020 na 2021 na kumeza nyumba na mialo. Fundi akafika Jumamosi asubuhi. Hakutoa tepu ya kupimia. Alimwamkia Bibi, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akatoa kipande cha chaki.

"Mama, nina njaa," alisema. "Nipikie ugali na maharage ya mawese. Mimi nitakaa hapa nisikuguse."

"Nimeacha kupika, fundi."

"Mimi nami nimeacha kuunda maboti. Lakini nikiliona boti najua linavuja wapi. Nipikie mara moja tu, nione wapi panavuja."

Bibi alisita. Akatazama mlango wa ukumbini. Mwana akaelewa, akaenda kusimama pale, mgongo wake kwenye mlango, na kuwazuia watoto. Ndipo Bibi akaingia.

Kila aliposimama, fundi aliweka alama ya chaki sakafuni. Kila alipoinama aliweka duara, na kila alipopanda kigoda aliweka msalaba. Ugali ulipoiva, sakafu ilikuwa nyeupe. Fundi alihesabu hatua 140, duara kumi na moja na misalaba mitano. Mwana alizitazama alama zile kwa muda mrefu. Alikuwa ametoa fedha nyingi kumpumzisha mama yake, na sakafu ilikuwa ikimwonyesha, hatua kwa hatua, jinsi alivyomchosha.

Baada ya kula, fundi alimpima Bibi. Alipima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, akatoa shubiri moja isiyojaa, na hicho ndicho kikawa kimo cha meza ya kukatia. Kwa kukandia akashusha zaidi, maana akandaye hutumia uzito wa mwili. Alimwambia anyooshe mkono juu, akatia alama ukutani, na akasema hakuna kitu cha kila siku kitakachokaa juu ya alama hiyo. Alimwambia aketi juu ya kigoda na kuzungusha mikono. Alipima upana wa kinu. Vipimo vyote vya wazee wetu, wanda, shubiri, dhiraa na pima, vinatoka katika mwili wa mtu, na huenda hawakukosea walipovichagua.

Kazi ilichukua wiki tano. Jambo la kwanza halikuwa la useremala: mlango wa ukumbini ulizibwa, na watoto wakafunguliwa njia nyingine ya kwenda chooni kupitia upande wa ghala. Jiko la gesi likahamishiwa ukuta wa mashariki, ukuta mmoja na sinki, na baina yao ikaachwa meza ya dhiraa mbili, ili chungu kikishuka motoni kisiwe na safari. Mtungi ukatolewa nje, ukajengewa kizimba chenye matundu chini, mpira wake ukapita ukutani.

Makabati ya juu yaliondolewa. Mahali pake pakawekwa rafu wazi za mbao za mninga, moja tu kwenda juu, mfano wa vidaka vya nyumba za mwambao, ambamo kila kitu huonekana na mkono haufungui wala kufunga. Makabati ya chini yakageuzwa kuwa droo pana zinazovutika hadi mwisho, ili sufuria zije kwa Bibi na si Bibi kuziendea kwa magoti. Mwisho wa chumba, karibu na uani, paliachwa pahala patupu. Hapo pakawekwa jiko la mkaa lenye dohani ya kutolea moshi nje, kigoda, kinu, na benchi la watu watatu. Fundi alikata dirisha pana hapo, lenye kizingiti cha kuwekea sinia. Kikapu cha dagaa kilirudi juu, karibu na dohani, katika hewa kavu.

Si kila kitu kilirekebika. Nguzo ya zege iliyokuwa pembeni ilikuwa imeshika dari, na pembe ile imebaki na shimo lake. Humo zimo bilauri kumi na mbili. Fedha zilizopotea hazikurudi, na mwana ilimbidi auze pikipiki ili kazi imalizike. Makabati ya juu, yale meupe, yalitundikwa katika chumba cha watoto, na sasa yana madaftari. Alama ya mguu wa mjukuu iko vilevile. Bibi humwita kila jioni akampaka mafuta ya mawese, ingawa kidonda kilikwisha kupona zamani, na mtoto humwachia mguu bila kuuliza.

Siku ya kwanza ya jiko jipya hakuna aliyemwambia Bibi apike. Fundi alisisitiza hivyo. Siku ya nne, mjukuu wa kike alikuwa akisonga ugali, na sauti ikatoka barazani: "Moto mkali huo, nausikia huku." Kisha zikasikika ndara ukumbini, zikizunguka upande wa ghala.

Mwana alipata ruhusa tena mwezi wa Septemba. Ziwa lilikuwa limekwisha kufunguliwa, na usiku wa giza, wakati mwezi haupo, taa za wavuvi zilionekana tangu Kibirizi kwenda kusini kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Dagaa wabichi walifika sokoni. Benchi la watu watatu lilikuwa limekaliwa na wanawake wanne, na wa tano alikuwa amesimama nje, viwiko vyake juu ya kizingiti cha dirisha, akieleza habari ambayo haikuwa imefika barazani bado.

Saa moja na nusu usiku umeme ulikatika. Wanawake walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea. Mwana aliruka, akawasha taa ya simu na kuingia nayo haraka jikoni, akimhofia mama yake. Alimkuta amesimama pale pale baina ya sinki na moto. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mwiko, na wa kulia ulikuwa umekwenda kwenye rafu, gizani, ukachukua chumvi, ukatia, ukairudisha.

"Izime hiyo, baba," alisema bila kugeuka. "Inaniumiza macho."